Nyumba ya Mama Haikuungua

Kila mtu anayeingia kwenye chumba changu cha kushonea na kuona nyumba ndogo juu ya rafu, jambo la kwanza analouliza ni nani alikufa. Haulizi nani aliitengeneza, wala kile kimlango kinafungukaje. Anauliza nani alikufa. Wageni wanaotoka mbali huuliza kwa sauti ya chini, mkono kifuani, kana kwamba wameingia kilioni. Nimeshona hapa Bunia zaidi ya miaka ishirini, nimevalisha maharusi, wanakwaya na wachungaji, na hakuna aliyewahi kuniuliza nilifiwa na nani ndipo nikajua kushona gauni. Lakini nikitengeneza pazia la ukubwa wa kiganja, basi lazima vita viliniharibu kichwa. Inanikera sana. Nitasimulia mambo kwa mpangilio wake, maana nikianza na ile siku ya ukumbini, hasira itanipanda na sitafika mwisho.

Yote yalianza na mteja asiyejua anachotaka. Alikuwa anahitaji mapazia ya sebule na hakuweza kuchagua kati ya vitambaa viwili, kwa hiyo nikamshonea mapazia madogo mawili ya kuonyesha, yenye marinda na pindo kamili, nikayatundika kwenye kijiti ili aone yatakavyoanguka. Akayageuza, akayasifu, akasema atarudi Jumatatu. Sikumwona tena. Yale mapazia yakabaki mezani karibu na mashine, na kila nilipoinua kichwa macho yangu yalikwenda pale pale. Yalikuwa yameshonwa vizuri kuliko mapazia yoyote makubwa niliyowahi kutoa. Siku moja ya mvua, wateja hakuna, nikachukua katoni ya sabuni, nikaikata dirisha, nikayatundika ndani. Hivyo tu. Siku hiyo hakuna aliyekuwa amekufa. Kulikuwa na mvua na sikuwa na kazi.

Shida ya dirisha ni kwamba likishakuwepo linataka ukuta wa maana. Katoni ililegea kwa unyevu. Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wangu, kuna fundi wa majeneza, mwanaume mwenye ndevu na maneno machache, nami nikavuka kwenda kumwomba vipande vya mbao. Akaniuliza vya nini. Nikamweleza, nikitarajia acheke. Badala ya kucheka akarudisha mlango wake nusu, akainama chini ya meza ya kazi na kutoa mfuko wa unga. Ndani ya mfuko mlikuwa na viti, vigoda, kabati, na meza yenye droo iliyovutika kwa ukucha. Kila kimoja kilikaa kiganjani. Alikuwa akivitengeneza kwa mabaki ya mbao kwa miaka na hakuna aliyejua, hata mke wake.

"Juu ya nini unaficha kazi muzuri hivi?" nikamuuliza.

"Mama, batu bakiona kisanduku kidogo kwangu, banafikiri ni ya mutoto."

Ni kweli, kwenye karakana ile kitu kidogo cha mbao kina maana moja tu, na mama mwenye mimba akikiona atavuka upande wa pili wa barabara. Yule baba maisha yake yote alikuwa akitengeneza vitu vinavyofungwa mara moja. Mikono yake ilikuwa na hamu ya kutengeneza kitu cha kufungua na kufunga kila siku. Alinieleza hivyo bila aibu, akarudisha meza yake mfukoni, kisha akanipa mbao na vipande vya tripleksi, zile mbao nyembamba za kubandikwa, na kesho yake akaja mwenyewe kuvipima.

Wa tatu alikuwa msusi, jirani yangu, saluni yake na chumba changu vinatenganishwa na ukuta mmoja. Alikuja kuchukua aproni yake niliyoitia mfuko. Akaiona nyumba, wakati huo ikiwa na kuta za mbao na juu karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya nyasi, akasimama mikono kiunoni.

"Hii paa ni haya, mama. Unaweza valisha mutu muzuri hivi, halafu unamuacha kichwa wazi?"

Akaondoka, akarudi na meshi, nywele za bandia za kusukia, rangi ya kahawia iliyofifia. Nyasi zenyewe kwa nyumba ndogo ni nene mno, zinasimama kama fagio. Yeye alifunga meshi vifurushi vyembamba, kila kimoja kwa uzi, akavipanga kuanzia ukingoni kwenda juu, mstari juu ya mstari, kama anavyopanga vifundo kichwani mwa mteja. Alisema kichwa cha mteja kinasogea, kinalalamika, kina simu sikioni. Paa linatulia. Alitabasamu muda wote.

Wa nne alikuwa mama anayeoka keki za harusi. Alikuja nimshonee kitambaa cha meza, akakuta tunabishana, akavuta kiti. Huyu anaweza kutengeneza ua waridi la sukari hadi ukalinusa. Lakini kila Jumamosi anasimama nyuma ya ukumbi kutazama siku nne za kazi yake zikiingizwa kisu kwa dakika mbili. "Nimechoka," akatuambia. "Banakata kazi yangu na banapiga makofi." Alitaka kutengeneza kitu ambacho hakuna mtu atakayekila. Akaanza na ndizi, mikate, na sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo.

Nimewaeleza hawa watatu mmoja mmoja kwa makusudi. Kila mmoja alifika kwa mlango wa kazi yake. Mmoja alichoshwa na vifuniko, mmoja na vichwa vinavyosogea, mmoja na visu, nami niliachiwa mapazia na mteja asiye na msimamo. Sisi ni watu wa Ituri, ila mama wa keki alihamia hapa na familia yake kutoka Butembo. Vita tunavijua wote wanne, hatuhitaji kufundishwa. Lakini si vita vilivyotuketisha pamoja. Ni kazi ya mikono, na raha yake, na ubishi wake.

Ubishi ulikuwa mkubwa. Tulikutana kila Jumapili baada ya ibada, uani kwa fundi wa majeneza, na Jumapili ya kwanza karibu tupigane kwa sababu ya vipimo. Mimi kila ukuta niliupima na kuongeza upana wa kidole, kwa sababu fundi nguo huacha nafasi ya mshono hata usingizini, na kuta zangu zikapitana kwenye pembe zote nne. Fundi wa majeneza alitengeneza mlango uliokaa vizuri ajabu. Tulipoufunga ukafungika kimya, na haukufunguka tena. Tukalazimika kuung'oa kwa kisu. Mama wa keki alifinyanga ndizi zake kwa sukari kwa sababu ndicho kitu mikono yake inachokijua, na Jumapili iliyofuata tukakuta sisimizi wamebeba mkungu mzima. Tulicheka hadi majirani wakaja kuchungulia. Mwishowe tukakubaliana kipimo kimoja: kitanda ni kiberiti. Kitanda cha mtu mzima ni urefu wa boksi moja la kiberiti, na kila kitu kingine kinapimwa kwa kitanda. Mlango ni kiberiti kimoja na robo. Sebule ni viberiti vinne. Hadi leo tunazungumza hivyo.

Sasa niseme habari za mama yangu. Anaishi nami tangu tulipotoka Aveba, na kila Jumapili nilimleta, akaketi juu ya mkeka akitusikiliza. Macho yake yalikuwa yakizimika. Daktari wa macho alishaniambia bila kuzunguka kwamba kilichobaki hakitakaa, labda miezi michache. Asubuhi tu, nje, jua likiwa kali, aliweza bado kuona umbo na rangi za kitu kilicho karibu na uso. Jua likipungua hakuona kitu.

Sisi tulikuwa tukijenga nyumba ya kifahari, yenye ghorofa na baraza la nguzo, kama zile za wafanyabiashara wa dhahabu. Mama akasikiliza Jumapili mbili, ya tatu akauliza:

"Munajenga nyumba ya nani?"

Tukatazamana. Nikamwambia si ya mtu yeyote.

"Kama haina mwenyewe, munajuaje jiko iko wapi?"

Tukabomoa ghorofa pamoja na paa lake, na mama akaanza kutusimulia nyumba yake.

Ilikuwa nyumba ya udongo na nyasi, vyumba vitatu, jiko nyuma, kule Aveba, na ninaomba msomaji ashike jambo moja hapa. Vita vilipokaribia tulikimbia, kama wengine. Nyumba za jirani zilichomwa. Ya mama haikuchomwa. Ilibaki imesimama. Kwa desturi yetu, kila mwaka kabla ya Noeli mama alikuwa akiipaka upya kwa udongo na samadi ya ng'ombe, kisha anachora ukutani kwa majivu na udongo mwekundu, kwa vidole vyake, mistari ya mawimbi kutoka mlangoni hadi pembeni. Nyumba ya udongo inasimama kwa sababu ya mkono unaoipaka. Hakukuwa na mkono. Misimu mitatu ya mvua ikapita, na nyumba ikashuka yenyewe, polepole, ukuta baada ya ukuta. Mama aliyasikia hayo kwa watu waliopita njia ile. Na hicho ndicho kinachomuuma. Mara nyingi amesema angalau moto una mtu wa kulaumiwa. Nyumba yake ilikufa kwa kukosa kupakwa.

Basi tuliijenga upya kwa viberiti. Mama alituambia hatua ngapi kutoka kitandani hadi mlangoni, nasi tukageuza hatua kuwa viberiti. Fundi wa majeneza alitengeneza mlango mara tano hadi ukafunguka kwa pumzi, na siku ulipofunguka aliufungua na kuufunga labda mara mia. Mimi nilishona mashuka na pazia la kitambaa cha maua madogo. Mama wa keki, safari hii kwa udongo wa mfinyanzi, alitengeneza babula, jiko la makaa, yenye makaa mekundu na sufuria ya kizibo cha bia. Kuta tulimwachia mama. Nilimletea udongo mzuri niliouchuja kwenye kitambaa chepesi cha pazia, na akazipaka mwenyewe kwa ncha ya kidole kimoja, asubuhi, juani, uso wake ukiwa karibu kugusa ukuta. Alichora mawimbi yake. Kwenye pembe ya mbele alama ya kidole chake ilibaki imekauka, ukitazama vizuri unaona mistari ya ngozi.

Lilibaki paa. Ndilo lililotuchelewesha, kwa maana msusi hakubali haraka. Mama alikuwa akiniuliza kila siku kama limeisha. Alitaka kuiona nyumba yake ikiwa na kichwa, mara moja, kwa macho, kabla macho hayajakwisha. Hakuomba kitu kingine. Nilimwahidi.

Hapo ndipo alipoingia dada mmoja wa shirika la misaada. Shirika lenyewe sitalitaja, mjini yako mengi, na gari moja jeupe linafanana na lingine. Alikuwa msichana mwenye adabu, alisalimia vizuri, alivua viatu mkekani. Nasema hivi ili nisimwonee. Mtu angekuja kwa dharau ningemfukuza asubuhi ile ile na mambo yangeishia hapo. Alitazama nyumba, macho yakamjaa machozi, akasema wanaandaa maonyesho ukumbini, Jumamosi, na kitu kama hiki hawajawahi kukiona.

"Hii iko na istwari, hadisi ya nguvu," akasema. "Munaniambia nani balipotea mule ndani?"

"Hakuna mutu alipotea mule ndani," nikajibu. "Ni nyumba ya mama. Yeye njo huyu, iko kwa mukeka."

Akatugawia fishi, karatasi za kujaza, kila mtu na yake. Jina. Mahali ulipotoka. Mwaka wa kukimbia. Waliopotea katika familia. Unajisikiaje unapotengeneza kazi hii. Fundi wa majeneza akaisoma juu hadi chini, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Kazi tunaandika wapi?" akauliza.

"Haina nafasi, papa. Si lazima."

Si lazima. Watu wanne tuliokuwa pale tulikuwa na miaka karibu mia ya ufundi tukiijumlisha pamoja, na ilikuwa si lazima. Walitupatia mistari minne mirefu ya kuandika marehemu, na hata nusu mstari hatukupewa wa kuandika kwamba mtu anajua kuunga mbao bila msumari. Fundi akaandika kazi yake pembeni mwa karatasi, kwa herufi kubwa. Penye jinsi unavyojisikia akaandika kwamba mgongo unamuuma. Nilipenda sana jibu lile.

Sisi tulitoa sharti moja. Karatasi itakayowekwa mbele ya nyumba iseme: fundi nguo, seremala, msusi, mwokaji wa keki, na mwenye nyumba aliyepaka kuta. Dada akaitikia, akaandika kwenye daftari lake. Nilimwona akiandika.

Msusi alimaliza paa Alhamisi mchana. Mbingu ilikuwa imefunga, mvua ikinyemelea, na mama alikuwa kwenye maombi ya wajane. Gari la shirika likaja saa hiyo hiyo. Nikamwambia dada asubiri hadi kesho, asubuhi jua likitoka, mama aione kwanza. Akasema kesho gari lina safari ya Bogoro, halirudi hadi usiku, na ukumbi unapangwa kesho. Akasema ukumbi una madirisha makubwa, Jumamosi asubuhi mama aletwe, ataiona vizuri kuliko hapa. Lilionekana neno la maana. Nikaibeba nyumba kwa mikono yangu mwenyewe, nikaiweka ndani ya gari lao, nikaizungushia nguo isitikisike. Hasira niliyonayo juu ya wengine ni kubwa, lakini ya siku ile ni juu yangu. Mama alirudi, akauliza, nikamwambia Jumamosi.

Jumamosi tulipanda pikipiki tatu, mama katikati ya mwendesha pikipiki na msusi ili asianguke. Alikuwa amevaa kitenge alichokivaa ubatizo wa mjukuu wake. Madirisha ya ukumbi yalikuwa makubwa kweli, na jua liliingia vizuri. Watu walikuwa wengi, wenye vitambulisho shingoni. Nyumba yetu ilikuwa mbele, mezani peke yake, juu ya kitambaa cheusi. Kabla hatujaifikia, msusi alisimama akanusa.

"Kunanuka meshi ya kuungua," akasema.

Nusu ya paa, upande wa kushoto, ilikuwa nyeusi. Mlango ulikuwa umeng'olewa na kulazwa chini. Ndani, kitanda kimepinduliwa, shuka langu limetupwa katikati ya chumba. Na karatasi mbele yake ilisema: Nyumba iliyochomwa, kazi ya mikono ya wamama waathirika wa vita. Fundi wa majeneza, na ndevu zake, alikuwa amesimama nyuma yangu akijisoma kuwa mama.

Mama alinishika mkono, akaniuliza tumefika, na kabla sijamweleza akanyoosha mkono mwenyewe, akaupata ukuta, akatabasamu kwa sababu aliyatambua mawimbi yake. Akainama kuleta uso karibu. Vidole vikapanda hadi ukingo wa paa, vikaingia kwenye upande ulioungua. Meshi haiungui kama nyasi. Inayeyuka, kisha inakauka vidonge vidogo vigumu. Mama akavigusa kimoja kimoja.

"Ni nani alichomaka nyumba yangu?" akauliza.

Hakupaza sauti. Waliokuwa karibu waligeuka. Dada wa shirika akaja mbio, akapiga goti, akamshika mama mkono mwingine, na nikaona anampungia mtu wa kamera asogee.

"Koko, pole sana," akasema, akimwita mama bibi. "Tunajua. Lia tu, koko."

"Pole ya nini? Nyumba yangu haikuungua hata siku moja."

"Ndiyo koko, lakini ni mufano. Bafadhili banapaswa kuelewa yenye ilipita."

"Yenye ilipita mi njo najua," mama akasema. "Hapana moto. Haikupakwa tu."

Yule mtu wa kamera alikuwa bado anapiga picha. Msusi akaweka kiganja chake mbele ya kioo cha kamera, taratibu, akakiacha pale. Kisha akamgeukia dada na kumwambia kwamba hata kama alikuwa na hamu ya kuchoma, angeuliza wenye kujua, kwa maana mtoto yeyote aliyewahi kuingia saluni angeona ule moto ni wa uongo. Dada akasema walitumia kiberiti kidogo tu, wakazima haraka. Kiberiti. Kitanda chetu.

Ndipo nami nikamgeukia. Sitaandika yote niliyoyasema. Nilimuuliza ni nani aliyemwambia kwamba kazi yetu haitoshi mpaka iharibiwe. Nilimuuliza kama angeona gauni langu la harusi angelichana ili watu waelewe ndoa ni ngumu. Akalia, na machozi yake hayakunigusa, ninakiri. Alisema alikuwa anataka watu watuonee huruma. Nikamwambia hatukuomba huruma, tuliomba karatasi yenye kazi zetu.

Nikainua nyumba mezani. Wakasema haiwezi kutoka, imeshaingizwa kwenye ripoti, hadi nijaze fishi ya kuondoa kitu. Walikuwa nayo tayari, wana fishi ya kila jambo. Chini palikuwa na mstari wa sababu. Nikaandika: Nyumba haikuungua. Nikatia sahihi, na wenzangu watatu wakatia zao, kila mmoja na kazi yake kando ya jina. Mama akaomba wino, akaweka kidole.

Tulirudi nayo mapajani mwangu, pikipiki ikienda mwendo wa mazishi, na mwendesha pikipiki hakuuliza nani alikufa. Jumapili hiyo hiyo msusi akalivua paa lote, hata upande usioungua, kwa sababu alisema harufu imeingia. Fundi akatengeneza mlango wa sita. Msusi alifunga vifurushi upya, kila jioni baada ya wateja wake, na kazi ikachukua wiki tatu.

Siku paa lilipokwisha niliitoa nyumba uani asubuhi, jua kali, anga halina hata wingu moja. Nikamketisha mama mkekani, nikaiweka mbele ya uso wake kama alivyopenda. Wenzangu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Mama akageuza kichwa huku na huku.

"Jua imetoka?" akauliza.

Lilikuwa limempiga usoni, jasho linamtoka. Fundi wa majeneza akatoka nje ya ua na hatukumwona kwa muda. Wiki tatu zile hakuna fishi ya kuziomba zirudi, na hakuna mstari wa kuandika kwamba Alhamisi ile mama yangu alikuwa bado anaona.

Mama alisikia hatua za fundi zikitoka, akaelewa. Hakulia. Akanyoosha mikono yote miwili, akaanza ukingoni, akapanda kifurushi kwa kifurushi, kama mtu anayetafuta kitu katika nywele za mtoto wake. Alichukua muda mrefu. Alizunguka mbele, pembeni, akafika nyuma upande wa jiko, na hapo vidole vikasimama.

"Hapa ilikuwa inavuja," akasema. "Miaka yote ilikuwa inavuja hapa. Mulisahau."

Hatukuwa tumesahau, hakuwahi kutuambia. Lakini msusi hakubisha. Akapiga magoti, akafungua vifurushi vitatu pale pale mama alipoweka kidole, akaacha tundu ambalo mwanga uliingia. Mama wa keki akachukua kizibo, akakipinda kingo, akakifanya beseni la kukingia maji, akamkabidhi mama. Na mama, ambaye hakuona tena hata jua, alipitisha mkono kwenye mlango wa sita, akakipita kitanda bila kukigusa, akaliweka beseni jikoni chini kabisa ya lile tundu.

"Sasa mvua inyeshe," akasema.